Bi Msasa na Kabati Linalotii

Daktari hakuzungusha maneno. Alisikiliza kifua kwa mbele, akasikiliza kwa nyuma, akamwambia avute pumzi, aiachie, avute tena, kisha akavitoa vile vidude vya masikioni na kusema, "Mama, ukiendelea na hilo vumbi la mbao tutaonana hapa kila mwezi mpaka tuchokane. Kazi si mbaya. Vumbi ndilo baya. Tafuta namna."

Tafuta namna! Maneno mawili, mepesi sana kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Mwanamke aliyeketi mbele yake alikuwa na miaka hamsini na minne, na katika hiyo, ishirini na miwili alikuwa ameitumia akiwa amesimama mahali pamoja, kwenye meza ndefu iliyo nyuma ya karakana ya makabati, akipiga msasa. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Watu wote walimwita Bi Msasa, na hata marehemu mumewe alikuwa akimwita hivyo alipotaka kumchekesha. Mbao zilitoka kwenye msumeno na mikwaruzo yake, zikapita mikononi mwake, naye alizisugua mpaka ukizipitisha shavuni unadhani ni kioo. Ndiyo, shavuni. Kiganja hakukiamini. Kiganja cha fundi, alisema, kimeshakuwa sugu, kinampa mtu habari za uongo.

Akatoka kwa daktari, akatembea kwa miguu mpaka karakana, njia nzima anatafuta namna. Kukaa nyumbani hakukumwingia akilini. Mwanawe wa pekee na mke wa mwanawe walikuwa wameshamwambia mara kumi, mama pumzika, sisi tupo. Sawa, apumzike, lakini afanye nini? Avute kiti auangalie ukuta? Kwake saa za mchana zilikuwa ndefu kama foleni ya hospitali. Karakana kulikuwa na kelele, na harufu ya mbao mbichi, na watu wa kutaniana nao, na kila jioni palikuwa na kitu kimesimama ambacho asubuhi hakikuwepo. Mtu anaondokaje mahali kama hapo kwa hiari yake?

Sasa, katika karakana ile palikuwa na sehemu moja tu isiyo na vumbi: chumba kidogo cha kioo kando ya mlango mkubwa. Ndani yake mlikuwa na meza, kompyuta, simu ya mezani na kiti kinachozunguka. Miaka minne nyuma mwenye karakana alinunua mashine ya kukatia mbao, ile inayofuata mchoro wa kompyuta bila kuuliza swali, akamweka na mchoraji mmoja nadhifu. Mchoraji naye akapata kazi kwingine, akaondoka na ujuzi wake kichwani. Tangu siku hiyo michoro ilikuwa ikiombwa kwa watu wa nje, nayo inakuja kwa kujivuta, wateja wanapiga simu, na mwenye karakana anawajibu wote kwa neno moja: kesho. Ndiyo maana mafundi wakamwita Bwana Kesho. Alilijua hilo jina, wala hakukasirika. Labda alipanga kukasirika kesho.

Bi Msasa akamkuta amesimama karibu na rundo la mbao, simu sikioni. Akangoja amalize.

"Bosi, nataka kile kiti."

"Kiti kipi?"

"Kile kinachozunguka."

Bwana Kesho akatazama kule kwenye kioo. "Kina nini? Kimekwaruzika? Kipige tu msasa."

"Nataka kukikalia."

Akacheka, tena kwa sauti. Alipoona mwenzake hacheki, akanyamaza, na Bi Msasa akamweleza maneno ya daktari, yote, bila kuyapaka rangi. Bwana Kesho akajikuna kidevu. Alikuwa mtu mwema, ila wema wake ulikuwa na haraka.

"Bi Msasa, ile si kazi ya kuandika barua. Yule mchoraji alikuwa anatengeneza kabati moja, halafu anabadilisha namba moja, kabati zima linajipanga upya. Upana ukikua, rafu zinakua, milango inakua. Ile kitu inataka shule."

"Nitasoma."

"Lini?"

"Nimeanza leo."

Wakakubaliana hivi. Karakana ilikuwa imepata kazi ya zahanati mpya: makabati kumi na manne, vyumba kumi na vinne, na waashi waliojenga vyumba vile hakika hawakuwa wakisemezana, maana hapakuwa na kuta mbili zenye urefu sawa. Kazi ile ingeanza baada ya wiki sita. "Mpaka hapo uwe umenichorea kabati moja linalotii vipimo," Bwana Kesho alisema. "Likitii, kiti ni chako. Lisipotii, nitaleta mtu, na wewe, mama yangu, uende ukapumzike. Kwenye vumbi sikurudishi. Sitaki dhambi."

Basi hapo ndipo mambo yalipowekwa: chumba cha kioo, au nyumbani kwenye ukuta.

Mwalimu hakutafutwa mbali. Mke wa mwanawe alikuwa akifundisha uchoraji wa ufundi katika chuo cha mafundi. Lakini hapo palikuwa na jambo. Mtu na mkwewe hawa walipendana kwa heshima, na heshima ile ilikuwa nyingi mno. Miaka saba tangu harusi, mazungumzo yao yalikuwa shikamoo mama, marahaba mwanangu, wazima huko, wazima, karibu chai, asante nimekunywa. Mkwe akija, huketi ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri basi. Hawakuwahi kugombana, kwa kuwa hawakuwahi kukaribiana kiasi cha kugombana.

Wakaanza Jumamosi, saa nne za asubuhi, kwenye meza ya chakula ya mkwe, kitambaa kimekunjwa na kuwekwa kando. Bi Msasa alikuwa amevaa nguo ya kutokea. Akaonyeshwa kipanya, akakishika kama anavyoshika kipande cha msasa: kiganja kizima, uzito wote wa bega. Mshale ukaruka mpaka pembeni ya skrini ukapotea.

"Samahani mama," mkwe akasema, "labda ukishike kwa upole kidogo. Kama utapenda."

"Nimekishika kwa upole."

"Ndiyo mama. Sasa kwa upole zaidi ya huo."

Siku ya kwanza iliishia kwenye mstatili mmoja. Siku ya pili akajifunza kwamba mstatili ule, ingawa unaonekana mzuri, kwa kompyuta ni kamba iliyolegea. Ukiuvuta kona, unafuata popote kama mtoto mwenye usingizi. Inabidi uufunge: huu mstari ulale, ule usimame, hii kona ishikwe hapa, na vipimo viandikwe. Kilichofungwa kinabadilika rangi kuwa cheusi, na hapo hakiyumbi tena. Bi Msasa alilipenda sana jambo hilo. Akafunga kila kitu. Aliandika upana wa kabati, akaandika unene wa ubavu wa kushoto, na wa kulia, na nafasi ya ndani, na akaona ni vyema kuandika tena jumla ya vyote, kama fundi mwangalifu anavyofanya kwenye kipande cha karatasi asije akasahau. Mchoro mzima ukawa mwekundu.

"Nimefanya nini tena?"

"Hapana mama, ni vizuri tu. Ila... umesema sana."

"Nimesema sana?"

Mkwe akatafuta mfano. "Tuseme umemwambia mtu kwamba baba ana miaka sitini, na alimzaa mwanawe akiwa na thelathini. Sasa usimwambie tena mtoto ana miaka mingapi. Atahesabu mwenyewe. Ukimwambia, ukakosea hata kidogo, atakuuliza: nishike lipi?"

Bi Msasa akautazama tena ule mchoro mwekundu. Kisha akauliza, na swali lile mkwe alilisimulia baadaye chuoni kwa walimu wenzake, "Kwa hiyo vipimo ni ukoo?"

"Ni ukoo, mama!"

Tangu hapo akawa na pa kushikia. Programu ile ilikuwa na jedwali pembeni, na kila kipimo unakipa jina na kanuni yake. Upana akauita MAMA, kwa kuwa ukiamua, wote wanafuata. Unene wa ubao ukawa BABA: haonekani sana lakini yumo kila mahali. Rafu haikupewa namba yake mwenyewe. Iliandikiwa kwamba ni MAMA ukiondoa BABA mara mbili. Kwa kabati la milimita mia sita na ubao wa kumi na nane, rafu inakuwa mia tano sitini na nne, bila kuambiwa na mtu. Na mgongo wa kabati, ule ubao mwembamba unaoteleza kwenye mfereji wake kwa nyuma, akauandika MKWE.

Mkwe halisi akasoma, akainua macho polepole. "Mama, kwa nini mgongo umeuita mkwe?"

"Si unatoka kwingine, unakuja kuingia kwenye mfereji wetu? Na usipoingia vizuri, kabati zima linayumba."

Wakatazamana. Mkwe akaanza kucheka, akafunika mdomo kwa heshima, akashindwa, akacheka mpaka akalazimika kuinuka akanywe maji.

Wiki ya tano kabati lilikuwa limekamilika. Lilizunguka kwenye skrini, likafungua milango, likafunga. Bi Msasa akalipeleka karakana kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia faili, akakikabidhi kwa mwendesha mashine. Huyu alikuwa mwembamba na mrefu, wakimwita Kifimbo, na kwa miaka yote yeye na Bi Msasa walikuwa wakitupiana maneno kupitia kelele za msumeno. Mashine ikakata. Mbao zikatoka safi, kingo zimenyooka, na mafundi wakaacha walichokuwa wakifanya wakaja kutazama. Bwana Kesho naye akaja.

Kifimbo akasimamisha mbavu mbili, akafunga juu na chini, akachukua rafu, akaiinamisha, akaisukuma. Haikuingia. Akaigeuza. Haikuingia. Akaigonga kwa kiganja, ikalia kwa mbavu na kukataa.

"Bi Msasa," Kifimbo akasema, "rafu yako imeshiba."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Bwana Kesho akapima: mia tano sitini na sita. Milimita mbili za ziada. Hakucheka wala hakukaripia. Alisema tu, "Imebaki wiki moja," na akarudi kwenye simu yake, na hilo lilimuuma Bi Msasa kuliko karipio.

Jioni hiyo hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa mkwe, akamkuta anaanua nguo, akamweleza akiwa bado kwenye ngazi. Mkwe akashusha macho kwenye kapu la nguo.

"Zile mbili. Niliziona, mama."

"Uliziona?"

"Kwenye kanuni zako. Kila mahali, mwishoni, umeongeza mbili. Rafu, milango, mbavu. Niliziona tangu wiki ya tatu."

"Ukanyamaza!"

"Wewe ni fundi wa miaka ishirini na miwili. Nikasema, mama ana sababu zake. Mimi nani nimuulize?"

Bi Msasa akaketi kwenye ngazi. Alitaka kukasirika, hasira haikuja. Badala yake alisikia kitu kama aibu, na nyuma ya aibu hiyo, kicheko. Maana sababu alikuwa nayo. Miaka yote alikuwa akiwapigia kelele wakataji, niachieni nyama, niachieni nyama! Msasa unakula mbao. Ukimkatia mpiga msasa ubao wa kipimo kamili, akimaliza kuulainisha umepungua. Kwa hiyo kila ubao huachiwa milimita moja huku na moja kule, ndiyo nyama ya msasa. Mkono wake uliandika zile mbili bila hata kumuuliza kichwa. Lakini ubao wa kiwandani, uliovikwa ngozi nyeupe laini, haupigwi msasa kabisa. Nyama ile haikuwa na wa kuila.

Akamweleza mkwe. Mkwe akasikiliza, kapu likiwa kiunoni.

"Sasa na mimi nikwambie," Bi Msasa akasema. "Kwenye ile meza mimi si mama mkwe. Mimi ni mwanafunzi, tena mzito. Ukiona nakosea, sema umekosea. Hiyo samahani mama, kama utapenda mama, iache jikoni."

"Siwezi, mama."

"Jaribu. Hapa hapa."

Mkwe akavuta pumzi. "Umekosea."

"Sauti."

"Mama, umekosea vibaya! Tena unashika kipanya kama unaua mende!"

Jirani wa chini akafungua dirisha. Wote wawili wakaingia ndani haraka wakijizuia kucheka, wakakunja kitambaa cha meza.

Na sasa mwalimu akafundisha kweli. Alimpiga kofi dogo la mkononi pale alipotaka kufuta zile mbili zote. "Usifute! Hicho unachokijua wewe, wanafunzi wangu hawakijui. Siku mteja akitaka mbao za mti, si utaihitaji? Tatizo si nyama. Tatizo umeificha. Itoe, ipe jina, iwe moja kwenye jedwali, na wote waitazame." Wakaandika NYAMA, wakaipa sifuri. Kisha kanuni moja baada ya nyingine, kila penye mbili wakaondoa namba wakaandika jina. Zilikuwa kumi na tisa. Ya kumi na saba Bi Msasa aliikosea, akaambiwa amekosea, akairekebisha, akajisikia vizuri kwa namna ambayo hakuitarajia.

Siku ya mwisho Bwana Kesho akavuta kigoda kwenye chumba cha kioo, akafungua daftari la vipimo vya zahanati. Kifimbo alisimama mlangoni akijifanya anafuta mikono.

"Mia tisa na arobaini," Bwana Kesho akasema.

Bi Msasa akaandika kwenye MAMA. Kabati likapanuka, rafu zikafuata, milango ikafuata.

"Mia saba na kumi na tano. Kimo, elfu mbili na thelathini."

Likajibana, likarefuka.

Bwana Kesho akafumba daftari. Alikuwa na jicho la mfanyabiashara, anajua mteja hageuki pale unapomtarajia. "Haya. Daktari mkuu wa zahanati kabadili mawazo. Chumba chake anataka mbao za mti, si hizi nyeupe. Unene ishirini na mbili. Sasa?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Bi Msasa alitabasamu. Akabadili BABA, ikawa ishirini na mbili. Akabadili NYAMA, ikawa mbili. "Hapo zitatoka na nyama yake," akasema, "atakayeletewa kwenye meza ya msasa, yeyote yule, aile mpaka kipimo kamili."

Bwana Kesho akasogea karibu na skrini. "Mia tatu."

Akaandika mia tatu, na hapo milango miwili ikabanana, mishikio ikapandana, jedwali likawaka jekundu. Kifimbo mlangoni akaacha kufuta mikono. Bi Msasa akautazama ule wekundu bila kuugusa.

"Kabati jembamba hivi halitaki milango miwili," akasema. "Linataka mmoja. Kwa leo nitaufuta mmoja kwa mkono. Kulifundisha lichague lenyewe, hilo bado sijui."

"Bado hujui."

"Bado. Ila najua ni nani wa kunikaripia nikikosea."

Bwana Kesho akakizungusha kigoda ambacho hakikutengenezwa kuzunguka. "Yule aliyeondoka," akasema hatimaye, "kwa miaka mitatu hakuwahi kunitamkia hayo maneno mawili. Mbao ngapi zimekwenda motoni kwa sababu ya hayo maneno mawili! Kifimbo, kata lile la mia saba na kumi na tano, tuone."

Bi Msasa akairudisha NYAMA kwenye sifuri na BABA kwenye kumi na nane, likakatwa. Kifimbo akasimamisha mbavu, akachukua rafu, akaiinamisha, akaiachia. Ikashuka na kukaa mahali pake, pa! kama mtu aliyechoka akiona kitanda.

"Hii imefunga siku saba," Kifimbo akasema.

"Afadhali yake," Bi Msasa akajibu. "Wewe umefunga tangu kuzaliwa."

Bwana Kesho hakutoa hotuba. Alikwenda kwenye chumba cha kioo, akafuta meza kwa mkono wa shati lake, akatoa kwenye droo kikombe chenye ukungu alichokiacha mchoraji wa zamani, akakipeleka nje kwa vidole viwili. Bi Msasa akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Kelele za msumeno zikawa mbali. Akavuta pumzi mpaka chini kabisa, na kifua hakikumjibu kwa kikohozi.

Hajakaa sawasawa, simu ikalia. Alikuwa msimamizi wa ujenzi wa zahanati, anaongea kama mtu anayepanda ngazi.

"Halo! Mchoraji wenu yupo?"

"Yupo," Bi Msasa akasema, akageuka kutazama nyuma kama kuna mtu wa kumwita. Kiti kikazunguka naye mzunguko mzima, kikamrudisha mbele ya skrini. Akashika meza kisije kikamzungusha tena.

"Ni mimi, mwanangu. Nipe vipimo. Anza na upana."